Betri ya Mkwe Wangu

Mpaka leo, ingawa nilishaacha kazi, ukitaka kunikasirisha niwekee mbele simu kuukuu unayotaka kuuza, iwe imejaa chaji asilimia mia, halafu utabasamu. Hapo hapo nitajua unanificha kitu. Mwenye simu nzima huja nayo jinsi ilivyo: asilimia hamsini na tatu, skrini ina mafuta ya maandazi, na ujumbe wa shangazi haujasomwa. Anayeijaza pomoni kabla ya kuja sokoni ana sababu yake, na sababu hiyo huwa inakaa ndani ya betri.

Nimeuza na kutengeneza simu hapa Kakamega mjini mpaka skrubu zikawa ndogo kuliko macho yangu. Kibanda nikamwachia msichana mmoja mwenye macho mazuri, nikarudi nyumbani kufuga kuku. Lakini nyinyi vijana hamjaniacha. Kila Jumamosi mnabisha hodi na simu mkononi: "Mama Betri, niangalizie hii kabla sijatoa pesa." Nimechoka kumfunga mbwa kila saa. Kwa hivyo nimeandika, someni, mbwa wangu naye apumzike.

Kazi yenyewe niliianzia sokoni Matete, kabla stima haijafika upande ule. Nilikuwa na betri moja ya gari, ubao, na nyaya nyingi kuliko akili. Watu walileta simu asubuhi, nikazifunga vikaratasi vyenye majina, jioni wakaja kuzichukua zikiwa zimejaa. Nilikuwa na maneno mengi wakati huo. Simu ikijaa haraka nilimsifu mwenye simu mbele za watu: "Baba, simu yako ni hodari! Saa moja tu imeshiba!" Naye aliondoka kifua mbele kana kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza.

Siku moja akapita fundi wa redio kutoka Mumias, Fundi Rajabu, mtu wa kofia safi na maneno machache. Akasimama kusikiliza sifa zangu, akacheka mpaka ikabidi aketi kwenye debe langu la maji.

"Asalaam aleikum, dada," akasema alipopata pumzi. "Huyo unayemsifu ni mgonjwa."

"Mgonjwa vipi, na imejaa kabla ya zote?"

"Mtu akishiba kwa vijiko viwili, utasema ana afya? Tumbo limekuwa dogo. Wallahi, kesho angalia ni nani atarudi wa kwanza."

Kesho yake, kabla sijamaliza kupanga nyaya, nani huyo anakuja? Ni yule mzee wa simu hodari, anaomba ishibe tena. Niliona haya. Wiki iliyofuata nilifunga ubao wangu nikamfuata Fundi Rajabu Mumias, nikamwomba anifundishe. Mke wake alinipa chakula mwezi mzima na hakuniuliza nitaondoka lini, na mpaka leo namwombea.

Fundi Rajabu alikuwa na somo moja ambalo alilirudia mpaka nikaliota. "Betri usiiulize habari zake. Ipe kazi, halafu keti uangalie." Alikuwa pia na tabia ya kuonja betri za redio kwa ncha ya ulimi ili ajue kama zina nguvu. Mimi nikaona huo ndio ufundi wenyewe. Mteja akaja na betri ya simu, nami kwa madaha nikatoa ulimi mbele yake. Mteja alichukua betri yake akaenda kwa fundi mwingine, na Fundi Rajabu aliniuliza kama ninapika simu au ninazitengeneza. Msionje betri, tafadhali. Siku hizi hata huwezi kuifikia.

Na hilo ndilo lililobadilika zaidi katika kazi yetu. Zamani ulifungua mgongo wa simu kwa ukucha, ukatoa betri, ukailaza juu ya kioo cha meza na kuizungusha kwa kidole. Betri nzima hulala tu, ikikwaruza kidogo. Iliyofura tumboni huzunguka kama pia ya watoto, na hapo mazungumzo yameisha. Sasa simu zimezibwa kwa gundi, na betri inakaa ndani kama bibi arusi, huioni mpaka umeshalipa. Imebidi tujifunze kuisoma kutoka nje.

Kwa hivyo ilaze simu yenyewe juu ya kitu bapa, kwanza kifudifudi kisha chali, bila kava. Kava ni nguo, na hakuna daktari anayepima mtu akiwa na koti. Ibonyeze pembe moja moja. Ikicheza, au ikizunguka, inama uangalie pembeni, pale skrini inapokutana na fremu. Ukiona mwanya ambao ukucha unaingia, au mwanga unavuja, betri imeanza kufura na inaisukuma skrini nje. Hiyo usiinunue hata kwa bei ya sukari, na usikubali mtu akuambie utaibonyeza irudi. Betri iliyofura haibonyezwi, haitobolewi, wala haichomekwi kwa chaji. Nimewahi kuona moja ikitoa moshi kwenye karai la mchanga, na karai lenyewe sikulitumia tena.

Kisha ishike. Simu iliyokuja ikiwa moto na hakuna aliyekuwa akiitumia imetoka kwenye chaji dakika hiyo. Iulize ilikuwa ikikimbilia wapi. Angalia skrubu za chini kama zimekwaruzwa na bisibisi, na kama gundi imechungulia. Kufunguliwa si dhambi, mimi mwenyewe nimefungua nyingi. Lakini muuzaji akuambie ni nini kilichotolewa na nini kilichotiwa.

Nyinyi mnapenda namba. "Mama, imeandika afya ya betri asilimia tisini na moja!" Haya, vizuri. Namba hiyo ina maana, na ikiwa chini ya themanini anza kufikiria bei ya betri mpya kabla hujafikiria rangi ya kava. Lakini kuna mafundi wanaojua kuifanya namba iseme wanachotaka, na kuna simu nyingi ambazo hazikuonyeshi chochote. Namba ni maneno ya simu kujihusu yenyewe. Hata mimi ukiniuliza nitakuambia nina afya nzuri.

Ndiyo maana kibandani kwangu kulikuwa na chai. Wengine walidhani ni ukarimu tu wa mama wa Kiluhya, kwamba mgeni haondoki na mdomo mkavu. Ulikuwa ukarimu, lakini ulikuwa pia mtihani. Ukija kununua au kuuza, nakukalisha kwenye benchi, nakumiminia kikombe kikubwa kutoka kwenye thamosi, chai ya moto ambayo huwezi kuimeza kwa haraka. Simu naiweka mbele yetu: mwanga wa skrini mpaka mwisho, video inacheza, tochi inawaka. Tunazungumza habari za mvua na za watoto. Kikombe kikiisha, kama nusu saa hivi, tunaangalia. Simu nzima itashuka asilimia saba, nane, hata kumi. Ikishuka ishirini, au ikikwama mia kwa dakika kumi halafu ikaruka ghafla mpaka themanini na nne, umejua. Na ikizimika yenyewe ikiwa inasema bado ina thelathini, maliza chai yako, shukuru, inuka uende.

Wajanja hawakukosekana. Alikuja jamaa mmoja saa sita mchana, jua linawaka, amevaa sweta nzito ya mikono mirefu. Anataka kuuza simu, lakini hataki kuiweka mezani. Anasema ataishika mwenyewe, ana mapenzi nayo. Nikammiminia chai. Tochi inawaka, video inacheza, dakika ishirini zinapita, na chaji haishuki hata moja. Nikaanza kumheshimu. Kisha akanyoosha mkono kuchukua andazi, na waya ukachungulia kwenye pindo la sweta. Pawabenki ilikuwa kwapani!

"Na hiyo?" nikamuuliza.

"Hii ni ya baridi, Mama," akasema, na jasho likimtoka.

Andazi nilimwachia ale, kwa sababu alikuwa amelifanyia kazi.

Basi mmeona, mtihani wangu ulimshika hata mwenye sweta. Ni mtu mmoja tu aliyeupita bila kufanya lolote, naye hakuwa mjanja hata kidogo. Alikuwa mkwe wangu.

Binti yangu Imali ameolewa Mayoni, kule kwenye miwa. Mume wake tunamwita Baba Faith kwa jina la mtoto wao wa kwanza, mtu mtaratibu anayeuza mbolea na mbegu. Sasa nyinyi wa mjini mlioanza kuwakumbatia mama wakwe zenu kwenye harusi, sikilizeni. Sisi tulilelewa hivi: mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono. Hawaketi benchi moja, hawabanani mlangoni, hawatazamani machoni kama watu wanaogombania ng'ombe. Kukiwa na ujumbe, unapitia kwa binti. Si chuki, ni heshima, tena heshima tamu ukiizoea, kwa sababu hakuna anayemkosea mwenzake.

Jumamosi moja Baba Faith akafika kibandani. Kibanda changu kilikuwa chembamba, watu wawili wakiketi magoti yanasalimiana, kwa hivyo hakuingia. Alisimama nje, akaweka simu juu ya kioo cha meza, akarudi nyuma hatua mbili. Mimi nikaangalia simu, yeye akaangalia barabara.

"Mama, hamjambo hapa."

"Hatujambo, Baba Faith. Watoto?"

"Wako sawa. Nimenunua ingine, nikasema hii nikuletee uuze."

"Na betri?"

Akakohoa kidogo. "Betri... iko tu, Mama."

Nikaisogeza kwa kidole kwenye kioo. Ikazunguka. Si sana, robo tu ya mzunguko, lakini ikazunguka, na mimi niliiona kama ninavyowaona nyinyi. Angekuwa mtu mwingine ningesema, "Keti, kunywa chai." Lakini mkwe nimkalishe wapi? Na nikimwambia mbele ya watu wa soko kwamba kitu alichonipa ni kibovu, si nimemwita mwongo? Binti yangu atalala vipi katika nyumba ile? Nikasema, "Asante, Baba Faith," nikampa pesa yake kwa kuiweka mezani, akaichukua, akaenda.

Mtasema ningeipima baada ya yeye kuondoka. Ndiyo. Chai ilikuwepo, muda ulikuwepo. Sikuipima. Nikiipima nitajua, na nikijua nitalazimika kusema. Nikaifuta, nikaipanga kwenye kioo pamoja na zingine, nikajiambia pengine meza yangu imeinama.

Jumatatu akaja Brenda. Huyu alikuwa mwanafunzi anayemaliza chuo, amepanga chumba Shirere, mteja wangu tangu mwaka wake wa kwanza. Simu yake ilikuwa imeanguka ndani ya ndoo ya kufulia. Na Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa na mahojiano ya kazi kwa video na watu wa Nairobi. Ilikuwa nafasi ya kwanza iliyomjibu baada ya barua nyingi alizotuma. Mama yake ni mjane, na nyuma yake kuna wadogo watatu. Alinieleza yote hayo akiwa ameshika simu ya mkwe wangu.

"Mama, betri iko poa?"

Nikajibu, "Hiyo imetoka kwa mtu ninayemjua."

Sikilizeni vizuri jibu hilo, kwa sababu mtalisikia maisha yenu yote mkinunua vitu. Si uongo. Wala si jibu.

Nikamkaribisha chai, kwa sauti ya mtu anayeomba ikataliwe. Akacheka. "Aki Mama, kwako si lazima. Wewe nakuaminianga." Akalipa, akaenda akiimba.

Jumatano mchana alirudi, na hakuwa akiimba. "Mama, ilikuwa arobaini na mbili. Nilikuwa najipiga mazoezi ya kuongea, ikajizima tu hivi. Nikaichaji, ikafika thelathini, ikajizima tena. Na angalia hapa." Skrini ilikuwa imeanza kuinuka pembeni.

Niliifungua mbele yake. Betri ilikuwa imefura kama andazi lililotiwa hamira mara mbili. Nikaitoa polepole, nikaiweka kwenye mchanga. Aina hiyo ya betri haikuwepo mjini, na kuiagiza kutoka Kisumu ingefika Ijumaa. Kwenye kioo nilibaki na simu tatu: mbili ni mulika mwizi, zile za vibonyezo na tochi tu, na ya tatu kamera yake ya mbele ilikufa. Yangu mwenyewe? Fundi wa simu janja, mfukoni nilikuwa na ya vibonyezo, kwa sababu ndiyo inayokaa na chaji wiki nzima. Mwenzake wa chumbani alikuwa amesafiri kwao. Brenda akaketi kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono.

"Mama, nikiwaambia simu imeharibika wataniona mtu wa visingizio."

Nilichukua mulika mwizi wangu, nikafanya jambo ambalo sikuwahi kufanya tangu binti yangu aolewe. Nilimpigia mkwe wangu mwenyewe, moja kwa moja, bila kupitia kwa Imali. Alipoona jina langu alidhani kuna msiba.

"Mama! Nani ameaga?"

"Hakuna. Kesho saa tatu nataka uje na simu yako mpya. Na uwe umeijaza chaji."

"Sawa, Mama," akasema. Hakuuliza kwa nini.

Alhamisi alifika mapema, pikipiki imejaa vumbi la Mayoni, na Brenda akawatumia watu wa Nairobi namba ya Baba Faith. Jirani yetu muuza nyimbo alikuwa ameshafungulia spika, kwa hivyo Brenda alihitaji kibanda kikiwa kimefungwa. Mpango ulikuwa hivi: saa nne ikikaribia Baba Faith aingie, afungue simu kwa kidole chake, amwonyeshe Brenda pa kubonyeza, atoke, mimi nifunge mlango na kukaa nje. Mimi nilikuwa ndani nikiondoa vikombe. Aliingia akijibana ukutani, nami nikijibana kabati, kila mmoja akitazama dari. Brenda akavuta mlango ili kelele zipungue. Na hapo hapo simu ikalia. Watu wa Nairobi walikuwa wamepiga dakika tano kabla ya wakati!

Brenda akapokea. "Good morning," akasema, mgongo umenyooka, na sisi wawili tukageuka sanamu. Kufungua mlango ni kuingiza muziki. Kusogea ni kuonekana kwenye kamera. Mkwe wangu alikuwa amekwama kati ya kabati na goti langu, amefumba macho kama mtu anayesali, na nadhani alikuwa anasali kweli.

Alipopokea, Brenda alikuwa ameiegemeza simu kwenye thamosi. Dakika kama kumi hivi ndani, Brenda akiwa anaeleza vizuri jinsi alivyosaidia kikundi cha akina mama kuweka kumbukumbu zao, nikaona simu inaanza kuteleza. Nilinyoosha mkono. Baba Faith naye alikuwa amefumbua macho, akanyoosha wake. Tukaidaka pamoja kwa nyuma, na kiganja chake kikakaa juu ya vidole vyangu.

Niambieni, ungeachia wewe? Nikiachia mimi inaanguka. Akiachia yeye inayumba, na sura ya Brenda inageuka kuwa picha ya paa. Tulishika hivyo hivyo. Jasho lake, jasho langu, simu imenyooka wima. Tangu nimpokee kwenye ua wangu sikuwahi kumgusa mtu yule hata ukucha, na sasa tulishikana mkono nusu saa nzima mbele ya Nairobi, ila Nairobi haikutuona. Kama wazee wa ukoo wangetuchungulia, wangedai mbuzi wa faini.

Brenda alipoaga na skrini ikazima, tuliachiana kama tuliochomwa na sufuria. Msichana alitoka mbio nje akicheka na kulia, akimpigia mama yake kwa mulika mwizi wangu. Sisi tukabaki ndani, mlango wazi, hakuna anayejua atazame wapi.

Baba Faith ndiye aliyeanza. "Mama, ile simu ya kwanza. Ni betri?"

"Ni betri."

Akainamisha kichwa. "Nilijuanga ina shida. Ilikuwa inanizimikia kwa shamba. Nikasema nikuletee wewe, kwa sababu wewe ndiye daktari, ukiona utaniambia. Mimi ningeanzaje kukuambia kitu yangu ni mbaya? Nikangoja useme. Ulipoichukua bila kusema, nikajua basi, Mama ameona iko sawa."

"Na mimi niliona haiko sawa," nikasema. "Nikanyamaza nisikuaibishe."

Alinitazama usoni. Nami nikamtazama. Kisha tukacheka, mama mkwe na mkwe, ndani ya kibanda kimoja, mpaka muuza nyimbo akapunguza spika asikilize. Ni jambo la kuchekesha, lakini nilipofika nyumbani halikunichekesha. Heshima yangu na heshima yake zilikuwa zimekutana juu ya kioo kile, zikapishana kwa adabu, na aliyekuwa karibu kuumia ni mtoto wa watu ambaye hakuwa na mkwe hata mmoja ndani ya habari hiyo.

Wiki mbili baadaye Brenda alikuja amebeba kuku jike mwekundu, mzito, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Kazi ameipata. Mama yake alikuwa ametuma ingokho, kuku wetu wa heshima, kutoka nyumbani kunishukuru. Pesa ya simu nilikuwa nimeshamrudishia, na hilo nalo alilihesabu kuwa wema wangu.

"Mama Betri, kama si wewe!" akasema. "Mama yangu amesema akikuona atakupigia magoti."

Kuku alikuwa ananitazama kwa jicho moja. Ningeweza kumpokea. Imali hakujua, mkwe wangu hangesema, na Brenda alikuwa anaondoka mjini. Nilikuwa fundi mwenye jina zuri na kuku mnono. Lakini niliona haya kuliko siku ile ya Matete, kwa sababu siku ile nilikosea kwa kutojua.

"Keti kwanza," nikamwambia. "Ile simu, nilipokuuzia nilijua. Niliiona ikizunguka kwenye kioo. Ilikuwa ya mkwe wangu, nikaona haya kuipima, nikakupa wewe. Nisamehe, mwanangu."

Akamtazama kuku, akanitazama mimi, akatazama barabara. Niliona uso wake ukihesabu ile Alhamisi upya, jinsi ilivyokaribia kumponyoka. Nilitamani aniite jina baya tumalize.

"Kuku sirudi naye," akasema mwishowe. "Mama ataniuliza." Akasimama, akapangusa sketi, akanishika mkono. "Lakini Mama, mimi si mkwe wako. Mimi ungeniambia tu."

Nililia kidogo alipoenda, sitaki kuwaficha. Na kutoka siku ile mpaka nilipoacha kazi, hakuna simu iliyopita kwenye kioo changu bila kunywewa chai, hata ya mchungaji, hata ya chifu, hata ya Baba Faith, ambaye aliketi kwenye benchi kabla sijamwambia. Nanyi mnaosoma hapa, wengi wenu siwajui, na sina binti mwingine wa kuwaoza. Nyinyi si wakwe zangu, na ndiyo maana nimewaambia.